Nzuri, ila Vidole

Jumatatu, 3 Machi

Miadi imepatikana! Nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba daktari bingwa wa viungo ni kama malaika — wanaomtaja ni wengi, aliyemwona hakuna. Leo wamepiga simu kutoka hospitali kubwa. Sauti ya dada mmoja aliyechoka tangu kuzaliwa. Jumanne ijayo, alasiri, nisichelewe, nije na karatasi ya rufaa. Nimeshukuru mpaka amekata simu mwenyewe.

Naandika jioni, kama kawaida. Asubuhi siandiki. Asubuhi kalamu inanishinda, kifungo kinanishinda, mfuniko wa dawa ya meno unanishinda. Naamka mikono imejikunja kama ya dereva aliyeshika usukani usiku kucha. Binti yangu ananifunga vifungo vya blauzi huku akinisema: mama, vaa fulana tu, utuokoe sote. Inapofika mchana vidole vinafunguka kimoja kimoja. Jioni mtu akiniona ataapa kwamba nasingizia. Hata mimi jioni huwa najishuku.

Na kazi yangu ni kusuka nywele. Kwa kweli Mungu naye ana mizaha yake.

Saluni wananiita Vidole. Jina la zamani, la enzi za kasi. Mtu alikuwa akikaa kwangu na nywele timutimu, kabla hajamaliza umbea wake ameshasukwa na anapewa kioo. Jina limebaki. Kasi imeniaga.

Madaktari wa kawaida nimeshawamaliza. Mmoja alisema ni uchovu. Mwingine alisema ni umri — nilikuwa sijafika hata arobaini! Wa tatu alisema ninywe maji. Nimekunywa maji ya kufulia mtaa mzima. Wa mwisho, kijana mpole, alishika vidole vyangu, kisha akaandika rufaa. Akasema kuna ugonjwa wa viungo unaokula polepole. Dawa zake zipo, lakini ni bingwa anayezianzisha, na ziwahi kabla vidole havijapinda. Vikishapinda havirudi.

Hilo neno “havirudi” nalala nalo na kuamka nalo.

Jumamosi, 8 Machi

Saluni leo imegeuka kamati ya maandalizi. Redio ameamua kwamba siwezi kwenda kwa bingwa na kichwa hiki. Redio ni mwenzangu wa kiti cha pili. Jina kajitafutia mwenyewe kwa mdomo wake. Hazimi, na betri haziishi. Anasema msusi mwenye kichwa kama kiota anaiaibisha fani. Kanikalisha, kanisuka mistari ya kurudi nyuma. Wateja nao wakachangia. Mmoja aliyekuwa chini ya draya, hasikii hata anavyopiga kelele, ametangazia mtaa kwamba madaktari wanakuheshimu ukivaa viatu vya kufunika.

Gauni la bluu nimelipiga pasi. Au tuseme binti amelipiga. Mama alitulea hivyo: ukienda kwa mkubwa, nenda umetakata, shida zako ziache nyumbani, watu wana zao.

Sasa nakwenda kwa ajili ya shida, na shida naiacha nyumbani. Hilo nimeliona leo, ndiyo kwanza naliandika. Lakini gauni limeshapigwa pasi.

Jumanne, 11 Machi

Nimejiharibia. Mwenyewe, kwa mikono yangu, kama hiyo ndiyo kazi pekee iliyobaki inayoiweza.

Asubuhi vidole vilikuwa vibaya. Nikameza vidonge vya maumivu, viwili kwa mkupuo, ili niweze kupaka poda na kufunga viatu vya kufunika. Nilipokaa kwenye benchi la kliniki mchana, mikono ilikuwa laini kama ya mtoto. Nikafurahi! Nikasema leo Mungu kanionea huruma, sitamchosha daktari wa watu.

Bingwa ni binti. Nilitarajia mzee wa mvi na miwani ya kuning'inia. Huyu angeweza kuwa rafiki wa mdogo wangu. Macho yamechoka, lakini ana adabu, alinyanyuka kunipokea.

“Hujambo mama?”

“Sijambo, daktari.”

“Habari za nyumbani?”

“Nzuri.”

“Na habari za mikono?”

“Nzuri tu.”

Nzuri tu! Ulimi ulitangulia, mimi nikabaki nyuma naukimbiza. Nilikuwa naelekea kwenye “ila”. Kila mtu anajua tunavyozungumza: kwanza nzuri, halafu ndiyo ila. Mtu nyumba imeungua, anakwambia nzuri, ila nyumba imeungua. Lakini bingwa ana umati nje ya mlango. “Ila” yangu ilikuwa bado inavaa viatu, yeye ameshaandika.

Akaviminya vidole. Vikauma kidogo tu, vile vidonge vilikuwa vimeshika zamu. Akaniambia nikunje ngumi. Nikakunja ngumi ya bondia. Nikaikunja tena bila kuombwa! Akasema vipimo vya damu nilivyoleta pamoja na rufaa havina jibu la uhakika, na ugonjwa huu mara nyingine damu haiusemi; lazima auone kwa macho, au mgonjwa amweleze. Uvimbe hauoni. Akanitazama akingoja nieleze. Nikasema naelewa, daktari, asante sana.

Nirudi baada ya miezi sita. Akasifu mistari ya kichwani kwangu, akauliza nasukiwa wapi.

Nimekwenda kutafuta tiba, nimerudi na mteja.

Jumatano, 12 Machi

Leo mikono imefungwa kama makufuli. Kikombe kimenidondoka. Nimelia jikoni, kwa hasira zaidi kuliko maumivu. Leo ndiyo angeniona. Leo!

Ijumaa, 14 Machi

Baba watoto ni fundi wa friji. Tangu Jumanne amesikiliza malalamiko yangu bila neno. Leo mezani akaweka kijiko chini, akasema: “Tatizo ni kwamba wewe ni friji.”

Ndoa yetu si ya jana. Ameshaniita mengi. Friji ni jipya.

Akafafanua. Mtu anapiga simu analia, friji haigandishi, maziwa yamechacha. Fundi akifika, friji inanguruma, barafu imejaa, mwenye nyumba anabaki anaapa viapo. Fundi mvivu anasema ni nzima, anaondoka. Yeye huuliza inagoma saa ngapi, kisha anakuja saa hiyohiyo. “Sasa wewe unagoma asubuhi, unajipeleka kwa fundi alasiri. Tena umejipiga na pasi.”

Binti amecheka mpaka ameondoka mezani. Mimi nikanuna kidogo, kwa heshima ya ndoa tu. Lakini ukweli umenikaa. Lazima nipate miadi ya asubuhi, na miezi sita siwezi kusubiri. Ndani ya miezi sita vidole vinaweza kuwa vimeshaamua njia yao.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda kwenye dirisha la miadi. Kumbe yule dada wa kwenye simu ndiye anayekaa pale. Uchovu ni uleule, sasa una sura pia.

Habari yako mama? Nzuri. Nikusaidie nini? Nikaeleza nataka miadi ya karibu, ya asubuhi. Akauliza kuna dharura? Nikajisikia nasema: hapana, hakuna dharura, sitaki kukusumbua. Akasema basi ni miezi sita, anayefuata.

Nikasogea pembeni, nikasimama na ndoo ya mopu, tukatazamana. Mimi na ndoo. Nikajiuliza nitamweleza nini baba watoto. Nikarudi kwenye foleni, mkiani kabisa.

Nilipofika tena dirishani, akauliza bila kuinua kichwa: habari yako mama? Nikauma ulimi. Nikasema, “Si nzuri.”

Akainua kichwa! Ana macho mazuri, sikuwa nimeyaona. Akauliza nina nini. Nikamwambia asubuhi siwezi kufungua mlango wa choo, namwita mwanangu. Basi, hilo tu. Nilisema polepole, na uso ulikuwa unawaka kama nimeiba. Akatazama kompyuta, akabonyeza, akabonyeza. Kuna mtu ameahirisha. Jumatano, 16 Aprili, asubuhi na mapema, wa kwanza kuingia.

“Mbona hukusema mwanzo, mama?”

Swali hilo nimerudi nalo nyumbani.

Jumapili, 23 Machi

Nimeanza mazoezi. Si ya mikono. Ya mdomo.

Baba watoto ananiuliza kila asubuhi umeamkaje, nami natakiwa kujibu vibaya. Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya pili nilijibu “salama”, nikajifunika shuka kwa aibu. Leo binti kachukua usukani. Kavaa koti la kazi la baba yake, lina mafuta ya kompresa mgongoni, kaketi nyuma ya meza ya chakula kama bingwa.

“Hujambo mama?”

“Sijambo.”

“Umekosea. Toka nje, uingie upya.”

Nimeingia kwenye sebule yangu mwenyewe mara nyingi mpaka jirani akachungulia. Binti hana huruma, angefaa uaskari. Mwisho nikafaulu. Hujambo mama? “Naumwa, daktari.” Neno lenyewe fupi, lakini kulitoa ni kama kung'oa msumari. Binti akanipigia makofi. Kisha akasahau uaskari wake, akaja kunikumbatia, na koti na mafuta yake yote.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii naijua tangu shule ya msingi, niliwahi hata kuipatia alama kwenye mtihani. Kumbe kuijua na kuitii ni mitihani miwili.

Jumatano, 26 Machi

Nimepeleka mazoezi saluni. Balaa.

Mteja wetu wa siku zote, mama mwenye duka la vitambaa, kaingia: “Vidole, habari?” Nikajibu, kwa mazoezi tu, “Mbaya.”

Redio kadondosha kitana. Aliyekuwa chini ya draya kachomoa kichwa na rola zake. Mwenye duka kashika kifua: “Nani? Nani katutoka?”

Nikaeleza hakuna aliyekufa, ni vidole tu vinaniuma. Nani ataamini? Mtu mzima aseme mbaya, halafu pasiwe na maiti? Mchana fundi viatu wa jirani kaja kunipa pole. Kavua kofia. Nikamwambia ni vidole. Akasema anaelewa, kila mtu na namna yake ya kuubeba msiba, akakaa kimya nami mpaka wateja wake wakamfuata.

Nimecheka sana. Lakini jioni, tukifagia nywele, Redio akaniuliza kwa sauti ya chini — sikujua kama anayo sauti ya chini — kumbe vinauma kweli? Tumekaa bega kwa bega miaka yote hiyo. Alidhani nachelewa kufungua asubuhi kwa sababu ya uvivu. Alikuwa amenivumilia kimyakimya, na Redio kukaa kimya si jambo dogo. Akasema, “Mbona husemi?”

Swali lilelile tena.

Ijumaa, 4 Aprili

Leo siandiki kwa mizaha.

Nilikuwa nasuka rasta ndogondogo, kichwa kimefika nusu. Mchana, saa ambayo mikono huwa rafiki yangu. Kidole cha kati cha mkono wa kulia kikakwama. Kimejikunja na msuko ndani yake, hakiendi mbele wala hakirudi. Haijawahi kunitokea mchana. Nikasimama nyuma ya mteja nikitabasamu kwenye kioo kama picha ya tangazo, jasho linanitoka.

Redio aliona. Akaacha kichwa chake, akaja, akachukua nywele kutoka mkononi mwangu taratibu, akaanza kusuka kutoka upande wa pili. Hakusema hata neno moja. Mteja akauliza, Vidole umechoka? Nikasema kidogo tu.

Kidogo tu. Mazoezi yote yale.

Nimekwenda stoo nyuma, nimekaa katikati ya pakiti za rasta, nimelia. Naogopa. Hapa hakuna anayesoma, basi naandika wazi: naogopa sana. Nikiacha kusuka, sijui mimi ni nani. Hata jina itabidi nitafutiwe lingine.

Jumamosi, 12 Aprili

Mama amefika. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tutaona.

Nilimwambia kwenye simu kwamba nakwenda kwa bingwa, vidole vinasumbua kidogo. Akasema hospitali haiendwi peke yako, nakuja. Kashuka na mfuko wake mmoja na sijambo zake. Sijambo za Mama huja mbilimbili: sijambo, sijambo, nyinyi je? Safari? Nzuri, nzuri. Miguu? Mizima, mizima. Ukimkuta chini ya gari atakwambia hivyohivyo.

Mikono ndani ya mtandio, kama siku zote. Tulipokuwa wadogo tulidhani ndiyo umaridadi wenyewe. Mama zetu wengine walirusha mikono hewani wakizungumza, wetu ameketi ameifunika, mtulivu. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tukimwigiza kwa mashuka.

Jioni nimemtazama akinywa chai. Anashika kikombe kwa viganja viwili, vidole havisaidii. Vimelalia upande mmoja vyote, kama vitabu kwenye rafu isiyo na kizuizi. Nimekuwa nikiviona tangu utotoni. Leo ndiyo nimevitazama.

Kumbe ninachokikimbia nakifahamu zamani. Nilikuwa nakiita adabu.

Nikamuuliza, Mama, mikono ilianza lini?

“Mikono gani?” Kisha akasogeza kikombe. “Chai imepoa, nipashie.”

Haya.

Jumatatu, 14 Aprili

Mama ametufumania jikoni alfajiri, binti akinifunga vifungo. Nikaficha mikono nyuma. Na yeye, kwa mshtuko, akaficha yake ndani ya mtandio. Tukabaki tumesimama hivyo, mama na mtoto, watu wawili wasio na mikono. Binti akatutazama, akasema mmefanana, akaenda shule.

Mama akakaa. Nilikuwa nimemwambia “kidogo”. Akaniambia nilete. Nikaiweka mikono mapajani mwake, nayo bado imejikunja. Akaigusa kwa mgongo wa vidole vyake.

“Nilidhani itaishia kwangu,” akasema.

Baadaye nikamweleza mambo ya bingwa, ile nzuri tu yangu, na ngumi ya bondia. Akasema nilijibu vizuri, daktari ni mtu na heshima zake, huwezi kuingia na kumtupia shida mezani. Akapuliza chai. Akafikiri.

“Lakini si ndiyo kazi yake?”

“Ndiyo, Mama.”

“Hm.”

Mama yangu akisema “hm” usimkimbize. Mwache.

Jumatano, 16 Aprili

Naandika hospitalini, asubuhi, na mwandiko ni kama kuku kapita. Nimeishika kalamu kwa ngumi. Lakini nikingoja jioni nitaanza kutia mapambo.

Leo sikumeza vidonge. Nimevaa fulana. Nimeamka mikono mibaya kabisa, imevimba, haikunjiki wala haikunjuki — sijawahi kufurahi hivi! Baba watoto ametusindikiza mpaka getini, akaitazama mikono yangu kama anakagua kazi, akasema friji imegoma vizuri leo.

Dada wa dirishani alinitambua. “Leo je, mama?” Nikasema, “Si nzuri!” kwa furaha, mpaka walinzi wakageuka.

Tukaingia. Bingwa kanyanyuka kama siku ile. Mama akaketi kwenye kiti cha mlangoni, mtandio umemfunika vizuri.

“Hujambo mama?”

Mazoezi yote. Koti lenye mafuta, mlango wa sebule, maiti ya saluni. Nikafungua mdomo.

“Sijambo, daktari.”

“Na habari za mikono?”

“Nzuri —”

Nikasikia kiti cha Mama kinalia.

“Daktari, huyo anakudanganya.”

Mama! Mama ambaye hajawahi kumpinga hata mtu wa kusoma mita, mradi kavaa sare. Kasimama. Akasema, “Hashiki kikombe. Anafungwa vifungo na mwanawe. Na huo uongo si wake, nimemfundisha mimi.” Kisha akasogea mpaka mezani, akaufungua mtandio, akaiweka mikono yake juu ya makaratasi ya daktari, kama mtu anayetua mzigo.

Bingwa akasogeza kiti. Akaishika mikono ya Mama, taratibu, akaiacha palepale. Akanionyesha niweke yangu pembeni. Mikono minne mezani. Akatazama hii, akatazama hii. Alipoviminya vidole vyangu nikapiga kelele ambayo haikuwa na adabu yoyote. Nikasema samahani. Akasema, “Usiombe samahani, mama. Hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta siku ile.”

Akamgeukia Mama. Anatibiwa wapi? Hatibiwi. Tangu lini? Tangu huyu hajaanza shule. Na hukuwahi kumwona daktari? Mama akasema aliwaona, wengi tu.

“Sasa hukuwaambia?”

“Waliniuliza hujambo,” Mama akasema. “Nikawajibu.”

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikafanya yote mawili kidogo kidogo. Bingwa naye akatazama dirishani kwanza, kisha ndiyo akaandika.

Ametuandikia sote wawili: vipimo vya damu, na picha za eksirei za mikono. Mama kafunguliwa faili, la kwanza maishani. Kuhusu mimi hakuzunguka. Ugonjwa ameuona, dawa nitaanza. Kinachobaki ni picha: itaonyesha kama mifupa imeshaguliwa — imeshaguswa, kalamu hii! — au bado. Kama bado, dawa itauzuia ugonjwa hapo ulipo na nitasuka mpaka nizeeke. Kama imeshaguswa, kilichokwenda kimekwenda, tutaokoa kilichobaki. Nikamuuliza bingwa: na Mama je? Akasema vilivyopinda havitanyooka, lakini maumivu si lazima abaki nayo. Mama akauliza, “Kumbe si lazima?” Akauliza kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeambiwa mlango ulikuwa wazi muda wote.

Sasa tumekaa kwenye benchi nje ya chumba cha picha. Sote tumeshapigwa. Yangu ndiyo inayosomwa kwanza. Nimesali sala zote ninazozijua na moja nimeitunga hapahapa.

Mama yuko pembeni yangu. Mtandio uko mabegani. Mikono ipo mapajani, wazi, mchana kweupe. Amenong'ona: watu wanatazama? Nikamwambia hakuna anayetazama, Mama. Akasema “hm”. Nadhani kavunjika moyo kidogo.

Nesi kapita na trei yake, mbiombio, bila kusimama, kama wapitavyo. “Hujambo bibi?”

“Sijambo mwanangu,” Mama kajibu.

Nesi akaendelea na safari. Mama akanitazama. Akaitazama mikono yake. Akavuta pumzi kama mtu anayetaka kunyanyua ndoo.

“Ila,” akasema, kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Nesi kasimama. Karudi. Mama kaanzia mbali, kaanzia mwaka ule wa mvua nyingi, anamweleza ilivyoanza na kidole kimoja akikamua nguo. Nesi ametua trei kwenye benchi, kati yetu. Ameketi.

Mlango wa picha umefunguka. Wananiita mimi. Nimeshanyanyuka nusu, daftari mkononi, na Mama, bila kukatisha hadithi yake, ananiashiria kwa kidole kilichopinda: subiri, sijamaliza.